Fundo la Baba

Ushirika ulipokufa na kahawa kukosa bei, shemeji yangu Kilian aling'oa mibuni yake kule Matiri milimani, akaja kwetu Chiwanda ziwani tuvue pamoja. Nilimkaripia kila siku: kamba ya tanga inashikwa mkononi, haifungwi, ili upepo ukizidi uiachie.

Jumanne upepo wa mwera ulitupiga ghafla, mtumbwi ukapinduka. Mimi niliogelea. Yeye tulimwopoa kesho yake, tukauvuta na mtumbwi ufukweni.

Msibani nilifoka mbele ya ndugu zake: "Watu wa milimani hawaambiliki! Aliifunga kamba!"

Dada yangu Aurelia, mjane wake, aliinuka akaenda ufukweni kwenye mtumbwi. Alirudi na ile kamba, fundo bado limekaza.

"Kaka, hili ni fundo alilotufundisha baba. Kilian ulimfundisha lini?"

Niliifunga mimi, niwashe sigara.