Mji Aliousubiri Salama

Bibi Mboni alitoka Gwata asubuhi na neno moja mdomoni: sauti ya mdogo wake itolewe. Alikuwa amesikia kwamba Yasmin, mjukuu wake anayetengeneza muziki kwa kompyuta pale Maili Moja, amemweka marehemu Salama ndani ya albamu. Salama! Aliyezikwa Kisarawe kabla ya mvua za vuli, leo akawachezeshe watu viuno?

"Mke mwenzangu," alimwambia Yasmin kabla hata ya kuketi, "maiti hapelekwi dansi."

"Sikiliza kwanza, Bibi. Ukisema hapana, naufuta wimbo mzima."

"Na huyu?" Bibi alimgeukia kijana aliyekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, Bibi. Mimi Didas, ndiye ninayechana."

"Marahaba. Unachana nini, nywele?"

"Mashairi, Bibi. Ya harakaharaka."

Yasmin akamvika Bibi spika za masikioni juu ya ushungi.

Mwanzoni hapakuwa na ngoma. Palikuwa na sauti ndefu, laini, imetanda kama ukungu wa alfajiri juu ya mihogo. Bibi akashika kiti. Ndani ya ukungu ule akasikia mchi ukitwanga kisamvu, taratibu, na kumbe mchi ndio ngoma yenyewe. Yasmin akaingia kuimba, sauti ya kifuani, ya mtu aliyelia akanawa uso. Halafu Didas, maneno yakimtoka kama mtama unaomwagwa kwenye ungo. Vitu vitatu visivyojuana, vimekaa mkeka mmoja.

"Mungu wangu," Bibi alinong'ona. "Haya mmeyatoa wapi?"

Ndipo vyote vikanyamaza, ukabaki ukungu. Na Salama akasema, karibu kabisa na sikio: "Kitendawili!"

"Tega," Bibi akajibu. Mdomo haukumsubiri.

"Mgeni wangu akija hapigi hodi. Akiondoka, nyumba nzima inapiga kelele."

Bibi alikijua. Kila alipokuja kumtembelea kutoka Kisarawe, Salama alimtegea hicho hicho. Bibi alijaribu usingizi, akajaribu njaa, akajaribu mpaka mawifi. Sivyo. Kilichobaki kilikuwa kukubali ameshindwa: ampe mtegaji mji, naye ndipo ataje jibu. Utotoni angempa. Lakini mtu mzima mwenye wajukuu ashindwe na mdogo wake? Hata! "Nitakipata mwenyewe," alisema kila mara, mpaka Salama akaondoka duniani na jibu lake.

"Umeshindwa," alisema Salama masikioni. "Nipe mji."

Kimya. Bibi akamsikia akivuta pumzi. Alikuwa anasubiri, vile vile alivyosubiri miaka yote ile, bila kununa.

"Haya, mbishi wewe." Machozi yalimlenga Bibi. "Nakupa Kisarawe."

"Ahsante, dada," Salama akaitikia. "Nilikwenda Kisarawe, nikala wali, nikanywa madafu, watu wakaniuliza, dada yako wa Gwata hajambo? Nikawaambia hajambo, ila hajui umeme."

Bibi alizivua zile spika, akazichungulia ndani kama atamwona mtu.

"Umeme! Sisi tulikuwa na koroboi, ningejulia wapi?"

"Ukikatika tu, mtaa mzima unapiga kelele," alisema Didas.

"Acha hayo. Amenisikiaje?"

Yasmin alikuwa analia huku anacheka. "Siku namrekodi nilimpa Maili Moja, akakataa. Akaniambia, 'Nyamaza, mwachie dada nafasi. Tangu utotoni mji wake ni Kisarawe tu, hana mwingine.' Akakaa kimya, akasubiri, kisha akajibu."

Bibi aliangaza macho huku na huku. Chumba kidogo, nyaya sakafuni, na mdogo wake amemwekea nafasi humo.

"Basi tuufute, Bibi?" Didas aliuliza kwa woga.

"Thubutu! Na pale penye kimya asiguse mtu." Alikuwa keshazivaa spika tena. "Rudisha nyuma, mke mwenzangu. Sikumsalimia."