Moto wa Kuhamia

Tangu kiwanda cha blanketi kifungwe kule nyanda za baridi za kusini, watu wake walikuwa wakihamia Nangara, pembeni ya mji wa Babati, familia moja baada ya nyingine. Walisema Babati kuna joto na mji unakua. Bibi Hilaria aliwapokea kama watu wa kwao Mbulu walivyofanya: mgeni alikuja jikoni kwake, akapewa kaa la moto juu ya kigae, akawashe nalo jiko lake la kwanza. Kabla ya hapo alihesabiwa bado yuko njiani.

Kila mmoja Hilaria alimuuliza, "Mwanangu Yohanes mmemwacha wapi?" Yohanes alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka ishirini, na sasa mwaka mzima simu yake haipatikani.

"Yuko nyuma, Mama Yohanes," alisema Venance, aliyehamia wa kwanza na mkewe Noela. "Tumemwacha anafunga geti."

Familia ya pili ilisema hivyohivyo. Na ya tatu, huku wakitazama chini.

Jumapili moja Noela alimletea samaki wa ziwani, akakaa kumtolea miiba, maana macho ya bibi yalikuwa yamechoka.

"Noela, geti gani hilo linafungwa mwaka mzima?"

"Kula kwanza, mama."

"Hodi," sauti ikasema mlangoni. "Mama, nimekuja kuchukua moto."

Yohanes alikuwa amesimama kwenye jua la mchana, nywele zimejaa nyuzi za blanketi. Hakuwa na kivuli. Noela hakuinua uso, ila vidole vyake viliacha kufanya kazi.

"Unamwona?" Hilaria alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Tunamwona sote. Tulimzika wiki moja kabla ya kuhama, kifua kilimbana. Siku ya safari tukamkuta kwenye lori, amekaa juu ya magodoro. Kila lori linakuja naye. Na ulipotuuliza, mama, alikuwa amesimama nyuma yako."

Hilaria alichukua kaa jekundu, akampa. Lilizimika mkononi mwake. La pili likazimika. La tatu nalo.

"Makaa yako siku hizi mabichi," Yohanes alisema, akacheka kidogo, kama alivyokuwa akimtania zamani.

Hapo Hilaria aliona kosa lake. Moto wa kuhamia ni wa wageni. Mtoto wa nyumba hapewi. Angeendelea kumpa, angemrudisha njiani, lori hadi lori. Aliweka kigae chini, akavuta kigoda karibu na mafiga.

"Wewe si mgeni hapa. Ingia, baba, ukae."

Aliingia, akanyoosha mikono motoni.

"Huku kuna joto kweli," alisema.

Hilaria alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Alipotazama tena, kigoda kilikuwa kitupu. Alikigusa, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Kisha akamshika Noela mkono.

"Sasa niambie mlimlaza wapi. Na nani alimwosha."