Mashine ya Dirishani Isinyamaze

Ofisi za siku hizi zimepoa mno. Ndivyo anavyosema yule bibi kila akimwona bintiye anaondoka kwenda kazini na pampu ya maziwa kwenye mkoba. Binti hujifungia kwenye kachumba, hukamua, hurudi mezani, na hakuna anayejua alikuwa wapi. Bibi humshukuru Mungu kwa hilo. Lakini moyo wake, usimlaumu, unarudi kule kule kwenye chumba cha wapiga chapa sita.

Enzi hizo, jamani, taipureta ilikuwa taipureta! Zikipigwa sita kwa pamoja, hata mvua huisikii. Bosi wao alikaa nyuma ya ukuta wa mbao na hakuwa na haja ya kuchungulia, alisimamia kwa masikio. Mashine moja ikinyamaza zaidi ya muda wa kubadilisha karatasi, anakohoa. Ikizidi, anatoka, na akitoka lazima mtu alie. Kwa siri walimwita Sikio.

Bibi, wakati huo msichana wa meza ya dirishani, alirudi kazini mtoto akiwa na wiki nane. Na huyo mtoto, ndiye huyu huyu wa pampu, alikataa chupa, akakataa kijiko, akakataa kila kitu isipokuwa mama. Kidude cha kilo nne, kiburi cha mfalme! Mama mkwe akasema, "Mwanangu, ama umnyonyeshe ama uache hiyo kazi. Mimi nitamleta, wewe tafuta mlango."

Mlango ulikuwepo, wa nyuma, unaingia chumba cha mafaili. Tatizo ni mashine.

Meza ya pili alikaa mwanamke aliyemzidi kwa miaka kumi. Kwa mdomo wake walimwita Pilipili. Huyo hakuombwa. Aliona tu blauzi ya mwenzake imelowa kifuani, akasonya. "Nenda. Unanitazama nini? Nenda!" Akavuta kiti katikati ya meza mbili, mkono wa kulia kwenye mashine yake, wa kushoto kwenye ile ya dirishani, akapiga zote mbili. Kulia barua ya ofisi, kushoto upuuzi mtupu. Sikio hakukohoa.

Ikawa hivyo kila siku saa nne. Mama anaponyoka, anakaa juu ya rundo la mafaili, mtoto anameza kwa pupa mpaka anapaliwa, na ng'ambo ya ukuta mashine yake inaendelea bila yeye. Hajapata raha kama ile, anasema, kabla wala baada. Akirudi anachomoa karatasi ya upuuzi na kuichana.

Siku moja, kwa haraka, akaiweka kwenye jalada la kusainiwa. Na Sikio, aliyeamini masikio kuliko macho, akasaini, akagonga na muhuri.

Baada ya siku tatu barua ikarudi kutoka ofisi ya maji, na swali la adabu kabisa: agizo hili litekelezwe vipi? Ilikuwa mistari kumi na minane: mtoto ashibe mtoto ashibe mtoto ashibe.

Sikio akatoka. Mashine zote zikanyamaza. "Nani?"

Msichana wa dirishani akapiga hesabu. Akisema kweli, kazi imekwenda, na bila kazi hakuna nyumba. Alipofungua mdomo, Pilipili alikuwa ameshasimama.

"Mimi, bosi. Nilikuwa najaribu utepe mpya."

Siku hiyo hiyo alihamishiwa masjala, kugonga mihuri, asiguse tena taipureta. Akikusanya vitu vyake alimnong'oneza mwanamke wa meza ya tatu, "Saa nne ni zamu yako. Ole wako ukisahau."

Jioni mama mtoto alimfuata masjala, machozi yanamtoka. "Dada, kosa ni langu. Kwa nini ulijitwika?"

Pilipili hakuinua uso. "Wangu wa kwanza nilimwacha nyumbani ana wiki sita. Nilikaa meza hiyo hiyo yako. Siku tisa blauzi ililowa, ya kumi ikawa kavu. Wenzangu wote walikuwepo, wananiona. Hakuna aliyenipigia hata mstari mmoja."

Akasonya.

"Basi, umelia vya kutosha. Nenda nyumbani, mwanao ana njaa."