Mia Moja na Thelathini kwa Themanini

Mimi si mtu wa subira, na kanisa letu la Kitengela lilijua hivyo mwaka 2001 liliponipa kazi ya uuguzi. Kila Jumapili baada ya ibada nilipima watu presha katika chumba cha nyuma, na waliozidi kiwango niliwatuma zahanati. Mama Kavutha, kiongozi wa akina mama, alikuwa na presha ya kutisha. Nilimkaba koo miezi mitano mpaka akazoea kumeza vidonge kila asubuhi.

Halafu Jumapili moja akasimama wakati wa ushuhuda, akasema Bwana amemponya na dawa ameziaga. Mchungaji Githongo akaniita mbele na mashine yangu. Nikamfunga Mama Kavutha mkanda wa mashine mkononi mbele ya watu mia mbili, nikasikiliza, nikasoma: mia moja na thelathini kwa themanini. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nilitaka kuongeza kwamba hiyo ni kazi ya vidonge, lakini kipaza sauti kilisharudi kwa mchungaji na kwaya ilishaanza. Nikakunja mashine yangu. Hata makofi nilipiga, Mungu anisamehe.

Wiki hiyo sikutulia. Nilikuwa nikiinuka, nikiketi, nikimfokea kila mtu nyumbani bila sababu. Jumatano nikamwendea Mama Kavutha kwake. Nilimkuta anachambua maharagwe, kichwa amekifunga leso kwa maumivu. Vidonge alikuwa amevitupa chooni. Nilipompima, namba ilinitia baridi. Nikamsihi turudi zahanati siku hiyo hiyo.

"Lakini Sista, si ni wewe ulisema niko sawa?"

Nilimweleza nikachoka. Akauliza kama nataka kanisa lote limwone mwongo, kisha akarudia maharagwe yake. Nikaondoka nimejichukia.

Jumapili iliyofuata watu saba walipanga foleni madhabahuni, wapimwe hadharani kama yeye. Watatu walishika pakiti za dawa, tayari kuziacha pale. Mchungaji aliponipa kipaza sauti nisome namba ya kwanza, nikakishika kwa mikono miwili nisinyang'anywe.

"Namba ya Mama Kavutha ilitoka kwa vidonge," nikasema. "Alipoviacha, presha ikapanda tena. Mimi nilijua, nikawaacha mshangilie. Tafadhali msiache dawa."

Siri ya mgonjwa nilikuwa nimeianika mwenyewe, mimi niliyeapa kuitunza. Mama Kavutha akachukua mkoba wake, akatoka bila kumtazama mtu. Nikabeba mashine, nikamfuata.

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe karibu na geti, anahema.

"Umeniaibisha mbele ya watoto wangu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nipe mkono."

Nikapiga magoti vumbini, nikamsubiri. Kisha akapandisha sweta mpaka juu ya kiwiko, akaninyooshea mkono, uso ameugeuzia barabarani asinione.