Jeneza la Kumi na Saba

Mwalimu alipostaafu, paroko alimwomba aandike historia ya mtaa wao, maana parokia ilikuwa inakaribia kutimiza miaka mia. Alikubali bila kuuliza ujira. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na mtu aliyezoea chaki akikaa bure huota kutu. Kila asubuhi alibeba miwani na chupa yake ya chai, akajifungia chumba cha nyuma cha ofisi ya parokia, kati ya kabati la vitabu vya ubatizo na mashine ya kudurufu iliyokufa zamani.

Alikuwa amenakili karatasi za sensa mbili za zamani, kaya kwa kaya, zilizopishana miaka kumi. Siku ya tatu akaikuta nyumba yao katika ile ya kwanza: mkuu wa kaya, seremala; mke; mtoto wa kiume, miaka mitatu; mtoto wa kike, mwaka mmoja.

Alicheka. "Karani huyu alikuwa anasinzia," alimwambia katibu wa parokia, mama mwenye maneno mengi na moyo mweupe. "Kwetu nimezaliwa peke yangu, mtaa mzima wananiita Pekee. Na baba alikuwa mlinzi wa bohari. Kiti kikivunjika mguu tulimwita fundi."

"Labda alikaribishwa chai kwa jirani, akawaandika jirani mahali penu," katibu alisema.

Sensa ya pili ilikuwa sahihi: mlinzi, mke, mtoto mmoja wa kiume. Basi mstari ule wa sensa ya kwanza akautia alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu, kama daftari la mwanafunzi, akaendelea.

Lakini hesabu zilimkatalia. Watoto chini ya miaka mitano walikuwa sitini na wanane katika sensa ya kwanza. Katika ya pili, watoto wa rika lilelile, sasa wa miaka kumi hadi kumi na minne, walikuwa arobaini na tisa, na wazazi wao bado wapo, nyumba zilezile. Wawili watatu huenda walipelekwa kwa bibi zao. Wengine je? Akafungua vitabu vya matumizi ya parokia vya miaka ile ya katikati, akapitisha kidole mstari kwa mstari, mafuta ya taa, chokaa, kengele kutengenezwa, mpaka akafika mwaka wa surua.

"Mbao na misumari, majeneza madogo mawili. Kalipwa seremala wa nyumba ya kona." Wiki iliyofuata, matatu. Halafu manne. Alihesabu hadi kumi na sita. Chini yake mwandishi yuleyule alikuwa ameandika: "Jeneza dogo moja. Seremala amekataa malipo. Ni la binti yake."

Nyumba ya kona ilikuwa yao.

Katibu alipoingia alimkuta amevua miwani. Mwalimu akamgeuzia kitabu. Yule mama alisoma, akavuta kiti akakaa karibu naye.

Mama yake Mwalimu alikuwa na miaka themanini na tisa. Mwalimu alimkuta ameketi kitandani, anakunja nguo alizokwisha kuzikunja asubuhi.

"Mama, nilikuwa na mdogo wangu?"

Mikono ya mama ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Kitabu cha parokia."

Mama aliiweka nguo kando. "Ulianza kuugua wewe," alisema. "Ukapona. Siku uliyoinuka ukaomba maji, ndiyo siku aliyoshikwa yeye. Mlikuwa mnalala pamoja, chumba kilikuwa kimoja, tungewatenga wapi? Baba yako akasema, huyu asije akajua. Mtoto akikua anadhani kamuua mdogo wake, hatakua vizuri. Tukawaomba majirani, nao wakanyamaza; tukanyamaza mwaka, tukanyamaza kumi. Mwisho hatukujua pa kuanzia."

"Na useremala wake?"

"Vifaa vyote aligawa. Alisema mikono imeshazoea kipimo kile, na kila ubao atakaoushika ataukata kwa kipimo kile."

Mwalimu aliinama. Miaka sitini mtu hajui, halafu anajua mchana mmoja. "Kumbe ni mimi."

"Ni surua, baba. Wale kumi na sita wengine nao uliwaua wewe?"

Mama akamshika kichwani, kama ambavyo hakumshika tangu alipoota ndevu, wakalia wote wawili bila sauti. Baadaye mama akauliza, "Kitabu kimemtaja jina?"

"Hapana."

Mama akalitaja. Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu ngazi mbovu, kisha akalirudia.

Mwalimu aliwatafuta wote kumi na saba katika vitabu vya ubatizo. Akapata majina kumi na moja, na la mdogo wake la kumi na mbili. Watano walibaki "mtoto wa" fulani. Kamati ya sherehe ilinung'unika kwamba ukurasa wa majina hayo, na wa seremala aliyewatengenezea majeneza, utaharibu sherehe, lakini paroko akasema ubaki.

Siku ya sherehe mama hakwenda, alisema amechoka. Watu walifungua kitabu wakitafuta picha za babu zao. Bibi kizee mmoja tu ndiye aliyemfuata Mwalimu, kidole chake kikiwa kwenye ukurasa ule.

"Huyu wa tano ni kaka yangu," alisema. "Huyo seremala ulimjua? Alikuwa mtu mpole?"

"Alikuwa," Mwalimu alisema, akasogeza kidole chake hadi kwenye jina la mdogo wake.