Mama Vailet Mbele ya Kamera

Watengeneza filamu walifika Singe asubuhi, wakamkuta Paskalina akimenya mbaazi na bintiye Vailet, mwimbaji wa bongo fleva aliyekuwa akisikika nchi nzima.

"Shikamoo, Mama Vailet. Tueleze ulivyomuunga mkono tangu mwanzo," alisema Adrian, mwongozaji.

"Marahaba. Sikumuunga mkono," alijibu Paskalina, akiitazama kamera bila woga. "Alipoacha kwaya ya kanisani, nilimfukuza nyumbani. Nilikosea."

Kwa miaka minne neno hilo lilikuwa limemkaa kooni. Vailet alimkumbatia, akilia na kucheka kwa pamoja.

Jogoo akawika. Adrian akaomba warudie ili sauti iwe safi.

"Sirudii," alisema Paskalina. "Niliyetaka asikie amesikia."