Kipandio cha Kumi na Saba

Clementi Machibya, mnunuzi wa pamba wa Nyasura, alikuwa na ghorofa kwa mbele tu. Ukisimama barabarani uliona bati jekundu, madirisha meupe ya plastiki na mapazia ya zambarau yakipepea huko juu, na kama wewe ni mgeni Bunda ungesema bwana huyu kaukata. Nyuma ya mapazia kulikuwa na zege tupu, mirunda iliyolishikilia na popo. Hata chumba kimoja hakikuwapo. Lakini kule Butiama, kwa wazazi wa Rhobi, Clementi alikwisha kutamka kwa kinywa chake kwamba binti yao ataishi juu, vyumba vitatu vyenye vigae, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kuona. Wakiridhika, harusi. Wasiporidhika, basi.

Na Clementi alimpenda Rhobi kweli, hilo tusimnyime. Ila kwa mtu wa aina yake mapenzi bila maonyesho ni ugali bila mboga.

Kwa hiyo, badala ya kumalizia sakafu, akanunua ngazi. Aliiona kwenye simu: vipandio vya plastiki ngumu, nene, inayoangaza kama kioo, mtu akipanda unadhani anakanyaga hewa. Fundi Pastory, mzee wa Kibara, alikigonga kimoja kwa kidole akakiri kwamba hakina ubaya. Plastiki ya maana inabeba mtu na mchwa haili. Wasiwasi wake ulikuwa kwingine.

"Bosi, mguu wa mtu ukipanda vipandio viwili unakariri. Cha tatu hauulizi tena, unajiendea. Ndiyo maana vyote lazima vilingane. Hivi nimevipima mpaka kwenye sakafu iliyokwisha, na vigae vyake. Usipoviweka, kile cha kumi na saba kitapungua sentimeta sita."

"Sentimeta sita nani ataziona?"

"Hazionekanagi," Pastory akasema. "Zinakanyagwaga."

Clementi akacheka. Pale juu ngazi inapoishia akatandika kapeti la plastiki lililochorwa vigae. Mbele yake akasimamisha mlango wa plastiki uliochorwa mistari ya mbao za mninga, akaufunga, ufunguo akautia mfukoni. Uongo ulikuwa tayari: ufunguo umesahaulika Musoma, kwa fundi makabati.

Jumamosi wakaja watatu. Shangazi Consolata, ambaye neno lake kwao ndilo la mwisho. Mjomba Burito, ambaye lake halikuwahi kufika huko. Na Rhobi mwenyewe, kwa kuwa shangazi alishikilia kwamba anayekwenda kuishi mahali apaone. Rhobi alikuwa amemaliza chuo cha ufundi Musoma. Clementi alijua kwamba amesoma; amesomea nini hakuwahi kuuliza, maana kila walipokutana aliyezungumza ni yeye.

Ngazi iliwanyamazisha, kama alivyotarajia. Kisha Consolata akainua macho, akaona taa ya dari kupitia kipandio cha kumi, akaishika sketi yake kwa mikono miwili. Aliuliza, kwa upole wa kutisha, kama mkwe amekusudia kusimama chini wakati yeye anapanda. Burito akayainamisha macho yake haraka. Kwao mkwe hatazamwi hata usoni vizuri, sembuse kutokea chini.

Clementi aliomba radhi mara tatu, na moyoni akamshukuru Mungu kwa plastiki inayoangaza. Hapandi mtu! Alikuwa anageuka kuagiza sato waletwe mezani Consolata alipotoa amri: wanaume wote nje, wanawake wanapanda.

Wakatoka. Clementi akasimama juani chini ya dirisha, kati ya Burito na fundi Pastory, ambaye alikuwa bado hajaondoa vifaa vyake, akisikiliza viatu vya shangazi. Ko, ko, ko, kwa mwendo mmoja, hadi kumi na sita. Kisha pu, na Consolata akimwita Yesu. Pastory akajikuna kidevu. Kisha kitasa cha mlango kikatikiswa mara mbili, na Clementi akahisi ufunguo umekuwa mzito mfukoni.

Rhobi ndiye aliyetangulia kushuka. Akatoka hadi uani, akampita Clementi, akamwamkia Pastory shikamoo. Kisha akamuuliza kama vipandio alivipima mpaka kwenye vigae. Mzee hakuwa na pa kujificha. Akajibu kwamba ndiyo, mwanangu, mpaka kwenye vigae.

"Basi juu hakuna vigae. Cha mwisho kimepungua."

Clementi akaanza habari ya Musoma na fundi makabati, huku mkono wake wenyewe ukiwa umeshika mfuko. Rhobi akauangalia ule mkono.

"Mimi nilisomea ujenzi, Clementi. Miaka miwili. Hukuniulizaga." Akauacha ule mkono, akaitazama nyumba. "Chumba kimoja cha chini kilinitosha. Ningekuja, tukapajenga juu polepole, na vigae ningevipanga mwenyewe. Sasa humu ndani msema kweli ni ngazi peke yake. Na mimi siwezi kuolewa na ngazi."

Consolata akatoka mlangoni, anachechemea, akamshika Rhobi mkono wakaondoka. Burito aliichungulia mara moja meza kule ndani, ambako sato walikwisha kuletwa, kwa huzuni ya kweli, akawafuata. Sato walibaki wanapoa.

Walipokwisha kutokomea barabara ya Butiama, Clementi akatoa ufunguo akapanda, labda kwenda kuona alichokuwa anakificha. Alipanda akiwaza chumba kimoja cha chini. Kwenye kipandio cha kumi na saba mguu wake, ambao ulijua habari yote, ulinyanyuka kutafuta vigae ukavikosa, na akaanguka kifudifudi juu ya vile vya kuchora. Pastory alikuwa chini anakusanya vifaa vyake. Aliona kila kitu, akaendelea kukusanya.